Sheria ya muda ikiisha, kosa la nyuma linafutika?

Swali: Nimesoma kwamba sheria ya Marekani ya kudhibiti bidhaa zinazouzwa nje ilikuwa ya muda, ikakaa miaka mingi imeisha, hadi 2018 ilipopatikana ya kudumu. Aliyetorosha vifaa bila leseni wakati huo amesalimika? Na anayesafirisha sasa abadilishe nini?

Jibu: Hajasalimika, angalau si kwa sababu hiyo. Kifungu 1 U.S.C. 109 (U.S.C. ni mkusanyo wa sheria za Marekani) kinasema sheria ya muda ikifika ukomo, adhabu na dhima zilizokwisha kumpata mtu hazifi nayo, labda sheria yenyewe iwe imetamka hivyo waziwazi. Utetezi wenye uzito zaidi ni kupitwa kwa muda wa kushtaki, kwa kawaida miaka 5.

Tena udhibiti haukukatika. Sheria hiyo ya muda, ya 1979, ilipokaribia ukomo wake Agosti 2001, Rais alitoa Amri namba 13222, akiegemea sheria ya dharura za kiuchumi ya 1977, IEEPA. Kanuni zilibaki zilezile, ila dharura ilibidi iongezwe kila mwaka. Kiraka hicho kilivuja hasa kwa wapelelezi wa Wizara ya Biashara: mamlaka yao ya kipolisi yalikuwa ndani ya sheria iliyokufa, hivyo ikabidi waapishwe kama manaibu wa Marshal wa Marekani, yaani maafisa wa usalama wa mahakama za shirikisho, ndipo wakamate mtu. Sheria mpya, ECRA, ilisainiwa 13 Agosti 2018. Haina tarehe ya mwisho, na iliacha kanuni na leseni za zamani ziendelee kutumika. Kosa la jinai chini yake ni faini hadi dola 1,000,000 na kifungo hadi miaka 20, kwa kila kosa.

Magendo yana kifungu chake, 18 U.S.C. 554, kifungo hadi miaka 10. Hiki hakikuwa cha muda, lakini hakisimami peke yake: mzigo lazima uwe umepelekwa kinyume cha sheria au kanuni nyingine, na mhusika awe anajua. Ndiyo maana sheria mama ikiyumba, mawakili wa utetezi hupata pa kushika. Kinamnasa pia anayenunua, kupokea, kuficha au kusaidia kusafirisha bidhaa kabla haijatoka, akijua inakusudiwa kupelekwa nje kinyume cha sheria. Mwenye ghala asijifariji kwamba kontena halijapakiwa.

Sasa upande wa kazi. Kilichofanywa cha kudumu ni sheria. Orodha ya bidhaa hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo uainishaji wa mwaka jana usiuamini. Tafuta upya kila unaposafirisha namba ya ECCN, inayoonyesha kundi la bidhaa kwenye orodha hiyo. Mfano, katika 3A001, 3 ni elektroniki na A ni vifaa na sehemu zake. Bidhaa iliyo chini ya kanuni za udhibiti (EAR) lakini haimo kwenye orodha huitwa EAR99, na hapo ndipo wengi hujikwaa: wanaisoma kama ruhusa. Bado nchi, mnunuzi au matumizi yanaweza kudai leseni.

Kosa la pili ni kugawa mzigo ili kukwepa tamko la AES, mfumo wa kielektroniki wa serikali wa kutamka mizigo inayotoka. Kwa kawaida tamko linatakiwa thamani ikizidi dola 2,500 kwa kila namba ya Schedule B, orodha ya namba za aina za bidhaa zinazouzwa nje. Maboksi matatu ya dola 900, ya namba moja, kwa mpokeaji mmoja, siku moja, kwa chombo kimoja, ni dola 2,700: yanatamkwa. Na bidhaa inayohitaji leseni hutamkwa hata ikiwa ya dola 50.

Ankara, barua pepe za mnunuzi na nakala ya uainishaji zitunze miaka 5, ukihesabu kuanzia tukio la mwisho la muamala. Ukijua mzigo ulipelekwa tena nchi nyingine, hesabu inaanza siku ulipopelekwa huko, si siku ulipotoka bandarini.