Mama yuko kwenye kemo, haongei, na hatuna hela ya mwanasaikolojia: jibu langu kwa mleta uzi

Pole sana mkuu. Umesema mama, aliye kwenye kemo (dawa za kuua seli za saratani), kawa mtu wa kugeukia ukutani, mara anafoka bila sababu, wewe ndo unayemuuguza peke yako na hulali, hospitali yenu haina mwanasaikolojia na wa kulipia hamumuwezi. Mimi nimemuuguza kaka yangu, saratani ya utumbo mpana, na mfuko wetu ulikuwa hivohivo, kwa hiyo naongea nilichokiona, daktari mimi siyo.

Kwanza acheni kumsubiri huyo mwanasaikolojia. Hali ya mama ipelekeni kwa haohao mnaowaona kila siku, nesi wa kemo, daktari, afisa ustawi wa jamii kama yupo, na ipelekeni kama dalili ya ugonjwa. Ukisema "mama ana mawazo" utaambiwa mtieni moyo, anayefuata aingie. Ukisema "wiki ya tatu sasa halali, wajukuu aliokuwa anawapenda hataki hata kuwaona, anasema anatutesa tu" hapo utaona mtu anaanza kuandika. Mi nilikuwa naandika kwenye simu kabisa nasoma nilivyoandika, maana ukiingia mle ndani unasahau yote.

Na kabla hamjasema ni sonona (depression, ile huzuni nzito isiyoondoka), ulizeni kwanza kuhusu dawa anazotumia. Kaka siku za kemo na zile zinazofuata alikuwa halali kabisa, anagombana na kila anayepita, sisi tukajua ndo ugonjwa umempanda kichwani. Nesi mmoja ndo akatuuliza deksamethasoni anameza saa ngapi. Hiyo ni stiroidi wanayopewa wagonjwa wengi kuzuia kutapika, na inaweza kukimbiza usingizi na kumvuruga mtu hisia. Daktari akaihamishia asubuhi, usiku ukatulia kwa kiasi kikubwa. Usiihamishe wala kuiacha mwenyewe lakini, uliza. Ulizia pia damu kama imepungua, maumivu kama yamedhibitiwa, tezi ya shingo, kalsiamu kupanda, vyote hivyo vinaweza kumfanya mtu aonekane amekata tamaa kumbe mwili ndo unaomlemea.

Shida ya sonona kwa mgonjwa wa saratani ni kwamba inajificha. Kuchoka, kukosa hamu ya kula, usingizi kuruka, hivyo vyote saratani na kemo vinaleta vyenyewe. Kwa hiyo usiangalie sana hapo, angalia kama kuna kitu chochote bado kinamfurahisha, kama anajilaumu, kama anajiona mzigo. Kuna kipimo rahisi wanatumia kliniki nyingi za saratani, unamuuliza mgonjwa kwa wiki hii nzima msongo wako ni ngapi kati ya 0 na 10, akifika 4 kwenda juu wanatakiwa wamchunguze zaidi. Hakihitaji hela wala mtaalamu, mnaweza kuja na hiyo namba kliniki.

Sasa hili la mama kutaka kufa, usiogope kuliuliza. Muulize waziwazi, "mama, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, wengi wanapumua tu wakiulizwa. Wiki za mwanzo baada ya mtu kuambiwa ana saratani ndo hatari inakuwa kubwa zaidi. Akisema ndiyo, na hasa kama ana namna aliyoipanga, dawa zote zitoke karibu yake, morfini hasa, asibaki peke yake, na muwahi hospitali siku hiyohiyo.

Jingine ambalo watu hawalisemi. Kama daktari anaongea lugha ambayo mama haielewi vizuri halafu mkalimani ni wewe, basi mama hatasema ya moyoni na wewe hutatafsiri yote, kila mmoja anamlinda mwenzie. Ombeni mkalimani asiye ndugu, akikosekana hata nesi anayejua lugha yake aongee naye dakika kumi wewe ukiwa nje. Kaka yangu mambo mazito yote alimwambia mfagiaji wa wodi, sisi ndugu tulikuwa tunaambiwa "niko poa".

Na neno tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa) lisikutishe, watu wakilisikia wanajua ndo tunarudishwa nyumbani kufa. Utafiti wa hospitali moja ya Boston uliotoka 2010, wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, waliowekwa kwenye shufaa mapema huku wakiendelea na matibabu yao ya kawaida, wenye dalili za sonona walikuwa 16% na wenzao wa matibabu ya kawaida tu 38%, tena waliishi muda mrefu kidogo zaidi. Kwa sisi tusio na hela timu ya shufaa mara nyingi ndo mlango wenyewe, kwa sababu kazi yao inamhesabu na anayeuguza.

Tukija kwako. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, kuanzia 2006 alifundisha akina bibi wa mitaani wakae benchi na watu wenye sonona, wanachagua tatizo moja tu, wanatafuta hatua moja ya kulianza, wakikutana tena wanaangalia ilikwendaje. Walipopima wakakuta inasaidia kweli. Haikutengenezwa kwa ajili ya saratani ila mimi niliiiba. Niliandika yote yanayonikaba, nauli, kazini, vidonda vya kaka, madeni, nikachukua moja, zamu ya usiku. Wale ndugu wa kupiga simu na kutoa maelekezo (kila ukoo wanao) nikaacha kuwaambia "nisaidieni", nikawaambia fulani Ijumaa usiku ni wako, fulani nauli ya kliniki ijayo ni yako. Wawili walikasirika, mmoja akaja, na huyo mmoja ndo alinipa usingizi.

Kliniki ijayo anza na deksa na hiyo namba ya 0 mpaka 10, sema na wewe mwenyewe kwamba hulali, wakiwa na kidaftari cha shufaa waandike majina yenu wote wawili. Halafu rudi hapa utuambie walijibu nini, kuna wadau humu wamepita njia hiyohiyo na mama zao watakuongezea.