Mafuta ya karanga si duni, tatizo ni ukungu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mafuta ya karanga yana faida kwa mwili sawa na ya korosho, lozi na makadamia, au tunakula karanga kwa sababu tu ni rahisi kununua? Mimi nasaga siagi ya karanga na kuiuza hapa Dodoma, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba karanga ndiyo inayolisha nyumba yangu. Lakini haya ninayoyasema mtu yeyote anaweza kuyapima.

Gramu 100 za karanga zina mafuta kama gramu 49. Lozi zina 50, korosho 44, makadamia zinafika 76. Wingi huo peke yake hautuambii mengi, kinachotazamwa ni aina ya mafuta. Yale mazito yanayoganda, kama ya samli na ya nazi, ambayo tunaambiwa tuyapunguze kwa kuwa hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, hayazidi gramu 7 katika zile 49 za karanga. Korosho zina karibu 8, makadamia 12. Lozi ndizo zinazotushinda sote, maana hazifiki hata 4. Na karibu nusu ya mafuta ya karanga ni ya aina ileile inayosifiwa kwenye zeituni. Ongeza protini: gramu 26 kwa karanga, 18 kwa korosho, 8 tu kwa makadamia. Haishangazi, kwa sababu karanga ni ndugu wa maharage na choroko, ila yeye alijaliwa mafuta.

Upungufu upo pia. Karanga karibu hazina kabisa omega-3, yale mafuta mazuri yanayosifiwa kwenye samaki, wakati jozi (walnuts) zina kama gramu 9 katika kila gramu 100. Hapo nasema kula dagaa, suala limekwisha.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 200,000, wengi wao wakazi wa Shanghai, China, pamoja na watu wa kusini mwa Marekani, weusi kwa weupe, ambao wengi wao ni wa kipato cha chini. Hawa si watu wa kununua lozi. Walichokuwa wakila zaidi ni karanga. Waliokula nyingi walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika miaka ya ufuatiliaji kwa takriban asilimia 20 kuliko waliokula kidogo sana, na nafuu kubwa ilionekana kwenye magonjwa ya moyo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba karanga peke yake ndiyo iliyowaokoa. Lakini unatosha kumjibu anayedai kwamba afya ya moyo inauzwa kwenye pakiti za bei mbaya tu.

Nadhani tunazidharau kwa sababu ya mahali tunapoziona. Korosho huletwa kwa mgeni kwenye sahani, karanga tunazinunua stendi zikiwa zimefungwa kwenye karatasi. Waingereza hawakuzidharau. Mwaka 1947 walikuja kung'oa miti Kongwa, si mbali na hapa, wakapanda karanga kwa ajili ya mafuta tu, maana baada ya vita kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Mradi ulikufa mwaka 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo swali lenu halikuligusa, na ndilo linaloninyima usingizi: sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kenya ilizika watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi hayohayo yenye ukungu. Ukungu unaoitoa huipenda karanga vilevile. Tena sumu hii iligunduliwa kupitia mashudu ya karanga, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka hutaanguka leo, lakini ini linaumia, na saratani ya ini inajulikana kuwa moja ya matokeo yake. Kukaanga hakuimalizi.

Mara nyingi shida huanzia kwenye kubangua. Maganda makavu yanaumiza vidole, basi watu huyanyunyizia maji yalainike, kisha karanga zinatiwa kwenye gunia zikiwa na unyevu. Siku chache tu, ukungu umeshakaa. Mimi nanunua zenye maganda, nabangua kavu, halafu namwaga kwenye ungo mahali penye mwanga na kuchambua kwa mkono. Iliyosinyaa, iliyotobolewa, yenye weusi au rangi ya kijani, iliyochipua, zote zinatoka. Kisha nakaanga, natoa ngozi na kuchambua tena, kwa sababu baadhi huficha ubaya wao chini ya ngozi. Wakati mwingine mfanyabiashara huniletea zile mbovu zilizochambuliwa zikatengwa, kwa bei ya kutupa, akiniambia zikisagwa hakuna atakayejua. Ni kweli, hakuna atakayejua, na ndiyo maana sizichukui. Wewe unayenunua siagi, muulize muuzaji anachambua vipi kabla hujauliza bei. Na ukitafuna karanga moja ikawa chungu, iteme, usiimeze kwa aibu ya watu.

Wateja huniuliza pia mbona mafuta yanaelea juu ya chupa. Yanaelea kwa sababu sijatia chochote cha kuyashika. Siagi nyingi za viwandani hutulia kwa kuwa zimeongezwa mafuta ya mgando kidogo, na mara nyingi sukari na chumvi. Koroga tu kwa kijiko.

Kiasi cha kula: konzi moja kwa siku, kama gramu 30, inamtosha mtu mzima. Hiyo peke yake ina kalori zinazokaribia 170, kwa hiyo bakuli zima mbele ya televisheni ni habari nyingine. Mwenye mzio wa karanga asijaribu hata kidogo. Mtoto mdogo asipewe punje nzima, zinaweza kumpalia, apewe za kusaga ndani ya uji. Na kina mama wanaochanganya karanga kwenye unga wa lishe wa mwezi mzima, naomba muache. Karanga iliyosagwa huharibika haraka na kuuharibia unga wote. Sageni unga peke yake, karanga zihifadhiwe nzima mahali pakavu, mtwange za siku moja au mbili na kuzitia wakati uji unachemka.