Unayejua kila kitu, bei yako ni ya kila mtu: kwa wanaoanza kazi ya VA

Nilipoanza kazi ya VA, yaani usaidizi wa mtandaoni, nikiwa chumba kimoja Kisauni, wasifu wangu ulidai naweza yote: kujibu barua pepe, kupanga kalenda, kuingiza data, kuchora mabango kwenye Canva. Nililipwa dola 4 kwa saa. Kila kazi niliyoomba nilikuta wenzangu wameshajazana, nao wanaweza yote vilevile. Mteja atatutofautisha kwa lipi, kama si bei? Basi tulishushana.

Kilichonitoa huko ni aibu. Mteja wangu wa Marekani, muuza sabuni na mishumaa kwenye Shopify, jukwaa la maduka ya mtandaoni, aliniomba nimwingizie mauzo kwenye QuickBooks, programu ya hesabu za biashara. Nikafungua taarifa ya benki, na kila pesa iliyoingia nikaiandika kuwa mauzo. Mhasibu wake alizirudisha hesabu zote.

Kosa lenyewe nitalieleza, maana ndani yake ndimo ilimo riziki. Mnunuzi akilipa dola 100 kwa kadi, na makato ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30, benki inapokea dola 96.80. Mimi nilikuwa naandika mauzo ni 96.80. La, mauzo ni 100, na ile 3.20 ni gharama ya biashara inayotakiwa ionekane peke yake. Tena pesa za maagizo mengi huingia benki kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimeshakatwa za waliorudisha bidhaa. Na humo humo huenda imo kodi ya mauzo ya jimbo, ambayo si mapato ya mwenye duka hata kidogo. Ukitazama benki tu, huoni lolote kati ya hayo.

Nilizipanga upya kwa wiki mbili, bila malipo. Nilipomaliza ndipo nikang'amua: wenye maduka wengi wana fujo hii hii, na Aprili 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kule, inawakosesha usingizi. Mtu wa namna hiyo hatafuti msaidizi wa bei nafuu. Anatafuta wa kumwondolea fujo.

Nikafuta wasifu wote, nikaacha sentensi moja: nalinganisha mauzo ya duka lako la Shopify na benki yako, kila mwezi. Nikafanya mafunzo ya QuickBooks na kupata cheti, ni bure. Xero, programu nyingine ya hesabu, nao wanayo mafunzo yao, yanafaa ukitaka wateja wa Uingereza. Ila nisikudanganye, cheti peke yake hakikuniletea mtu. Kilicholeta ni sampuli ya kurasa mbili, hesabu kabla na baada, kwa tarakimu nilizozibuni mwenyewe. Usithubutu kuonyesha vitabu vya hesabu vya mteja halisi.

Bei nayo, ondoka kwenye saa mapema. Kazi iliyonichukua saa 10 mwanzoni sasa inanichukua 4. Ningebaki kwenye saa ningekuwa najiadhibu kwa kuwa mwepesi. Duka dogo natoza dola 200 kwa mwezi. Wateja wa zamani sikuwapandishia ghafla, bei mpya niliianza kwa wapya.

Jua pia mwisho wa uwanja wako. Mimi sijazi ritani za kodi za Wamarekani. Anayezijaza kwa malipo lazima awe na namba ya utambulisho kutoka mamlaka yao ya kodi, na ushauri wa kodi ni kazi ya mhasibu. Nampelekea vitabu visafi. Yule aliyenirudishia hesabu ameshanitumia wateja watatu.

Faida nyingine hawaisemi sana. Anayejibu barua pepe za New York lazima akeshe nazo, maana wao saa tatu asubuhi huku ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao. Vitabu havina haraka hiyo. Nafanya mchana, wao wamelala.

Lakini wewe uliyeanza juzi, usichague fani wiki hii kwa sababu mimi nimechagua hesabu. Fanya chochote kwa miezi mitatu, huku ukiandika ni kazi gani wateja wanarudia kulalamikia. Na kama hesabu zinakuvutia, mwombe mwenye kibanda mtaani taarifa ya till yake ya M-Pesa ya mwezi mmoja, uilinganishe na daftari lake la mauzo. Utaona pengo kabla hujafika wiki ya pili.