Geuza Birika Kabla Hujalipa

Birika langu la tatu la umeme lilikufa asubuhi moja nikiwa na haraka zangu. Mawili ya kwanza niliyatupa bila kujiuliza chochote. Hili la tatu nililibeba hadi kwa fundi, na msidhani nilikuwa nimeerevuka. Nilikuwa na hasira tu. Fundi akaligeuza juu chini, akapapasa kitako kwa kidole gumba, akalitikisa, kisha akanirudishia. "Hiki si cha kufungua," akasema, "ni cha kuvunja." Hakikuwa na skrubu hata moja. Kitako kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Tukakivunja kwa nyundo, kwa ridhaa yangu, tukakuta kilichoharibika ni kiswichi kidogo, kile chenye kibati kinachojikunja kikipigwa na mvuke ili umeme ukatike maji yakichemka. Kingine chote kilikuwa kizima.

Nikasimama pale na vipande mkononi, nikawaza: gundi hii nimeilipia mwenyewe mara tatu.

Mpaka siku hiyo nilikuwa hodari wa kulalamika. Bidhaa za siku hizi hovyo, wenye viwanda hawana haya, wakubwa wamelala. Yote hayo yana ukweli wake. Ila kila nilipoudhika nilifanya jambo moja tu: nilinyamaza nikahamia chapa nyingine. Nikajiona nimewakomoa. Waswahili wana jibu la mtu wa aina yangu: ukisusa, wenzio twala. Kiwanda hakikujua kwamba nimekasirika, wala kwamba tatizo ni kitako kilichogandishwa. Huenda walidhani mauzo yamepungua kwa sababu rangi haikupendeza!

Ndipo nikaanza kusoma habari za watu waliowahi kususia kitu kikatokea kitu. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipoukataa mswada wa kukomesha biashara ya watumwa, mamia ya maelfu ya Waingereza waliacha kutumia sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibiani. Wanawake hawakuwa na kura, lakini manunuzi ya nyumbani yalikuwa mikononi mwao, na wao ndio walioubeba mgomo ule. Kilichonigusa ni kwamba hawakususa kimyakimya. Walichapisha vijitabu, wakapita nyumba kwa nyumba, na wauzaji wengine wakaanza kutangaza kwamba sukari yao haikutokana na jasho la mtumwa. Sheria ya kukomesha biashara hiyo ilikuja 1807, yaani miaka 16 baadaye. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukibadilisha kapu lako leo, dunia itageuka kesho.

Mfano wa pili ni wa juzijuzi. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizojaa kwenye makopo ya kupuliza marashi na dawa za nywele, zinakula tabaka la ozoni, lile la angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Marekani ilizipiga marufuku kwenye makopo hayo 1978, lakini kabla ya hapo wanunuzi wengi walikuwa wameshaanza kuyaacha na kuchukua manukato ya kupaka. Mkataba wa Montreal, ambao mataifa yalikubaliana kupunguza gesi hizo, ukafuata 1987. Ninavyoiona mimi, mnunuzi alitangulia na sheria ikaja kumalizia. Mnunuzi peke yake asingefika, na sheria nayo ingekawia zaidi kama kila mtu angeendelea kupuliza tu.

Basi ushauri wangu ni huu: ukiacha kununua kitu, sema kwa nini, na umwambie anayeweza kufanya jambo. Rais Kennedy wa Marekani, katika ujumbe aliolipelekea Bunge la nchi hiyo tarehe 15 Machi 1962, alitaja haki nne za mlaji: usalama, habari, kuchagua na kusikilizwa. Tatu za mwanzo tunazidai kila siku. Ya nne tunaitupa wenyewe, maana hatusemi, na asiyesema atasikilizwaje?

Nimeshaandika barua za malalamiko nyingi, na za mwanzo zilikuwa matusi yaliyovaa tai. Hazikujibiwa. Zilizojibiwa ni fupi: nilinunua nini, lini, kimeharibika vipi, na nataka nini. Ombi liwe moja. Ukitaka urudishiwe pesa, ubadilishiwe kitu na uombwe radhi kwa pamoja, watachagua kuomba radhi. Risiti ipige picha siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi ya risiti nyingi hufifia, na utaihitaji siku ambayo imebaki karatasi nyeupe.

Jambo jingine nililofanya, hili kwa faragha, ni kuchungulia pipa langu la taka kwa wiki nzima. Sikuandika ripoti, nilitazama tu kilichojirudia. Nilikuwa najisifu kwamba naosha chupa za plastiki na kuzitenga. Halafu nikasoma kwamba kati ya plastiki yote iliyokuwa imegeuka taka duniani hadi 2015, takriban asilimia 9 tu ndiyo iliyochakatwa upya. Kuosha chupa si vibaya, lakini usidhani hapo umemaliza kazi. Swali lenye uzito linakuja mapema zaidi, ukiwa bado hujainunua hiyo chupa. Mimi nilichagua vitu viwili tu vilivyojirudia pipani nikavishughulikia, vingine nikaviacha. Anayetaka kurekebisha kila kitu kwa mkupuo huchoka upesi, na mimi nilishawahi kuchoka hivyo.

Na tafadhali, usigeuke mhubiri. Kuna miezi nilikuwa nikiingia kwa watu wanaficha mifuko yao. Asiye na uwezo hununua kinachopatikana, na kumlaumu kwa hilo ni kukosa adabu. Wajibu uende na uwezo: mwenye nafasi ya kuchagua ndiye mwenye deni la kuchagua vizuri.

Nilipokwenda kununua birika la nne, niliomba yote yaliyokuwa rafuni nikaanza kuyageuza moja moja. Kijana wa dukani akanitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

"Bosi, unaangalia nini huko chini?"

"Skrubu. Lisilo na skrubu silitaki, halitengenezeki."

Akacheka. Kisha akachukua moja, akaligeuza mwenyewe, akachukua la pili. Tulipata mawili tu yenye skrubu. Nikamuuliza kama vipuri vyake vinapatikana. Hakujua, akampigia simu anayewaletea mzigo, na mimi nasikia. Huyo naye hakujua, akaahidi kuuliza huko anakonunua. Swali langu lilikuwa limeshapanda ngazi mbili, nami sijalipa bado.

Birika ninalo mpaka leo. Swichi yake imeshabadilishwa mara moja. Fundi alitumia bisibisi tu, nyundo haikutoka mfukoni.