Kumwacha mchezaji ghali NFL: hesabu iko kwenye bonasi

Mkuu, umeuliza kwa nini timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, imng'ang'anie mchezaji aliyeshuka kiwango wakati mishahara mingi kule haina dhamana, yaani akiachwa halipwi. Kinachobana ni bonasi ya kusaini. Mchezaji anaipokea mapema, ila kwenye ukomo wa mishahara (kiwango cha juu timu inachoruhusiwa kutumia kwa wachezaji kwa mwaka) inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi 5. Chukulia bonasi ya dola milioni 20, mkataba wa miaka 4: milioni 5 kila mwaka. Ukimwacha baada ya miaka 2, milioni 10 zilizobaki zinaangukia ukomo wako kwa mkupuo. Ukimwacha kwa utaratibu wa Juni 1, yaani ahesabiwe ameachwa baada ya tarehe hiyo, zinakaa 5 mwaka huu na 5 mwakani. Wengi hukosea hapa: nafasi inayofunguka kwenye ukomo huipati mpaka Juni, na usajili mkubwa wa Machi umeshapita. Mshahara wenye dhamana nao unaulipa hata akikaa nyumbani. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024, walibeba takriban dola milioni 85 kwenye ukomo, wakazigawa kwa misimu miwili. Balaa! Ndiyo maana timu kwanza humwita mchezaji akubali kupunguziwa mshahara. Akigoma, wanapiga hesabu ya kumtema.