Krenki inayolia: kunyamazisha sauti si kutengeneza

Swali: Habari za kazi, fundi. Ninaishi Moshi na ninaendesha baiskeli ya mashindano niliyoinunua mwaka jana ikiwa imetumika, yenye vipuri vya Ultegra vya kampuni ya Shimano. Krenki ya kulia, yaani mkono unaoshika pedali, iliyoandikwa FC-R8000, ilianza kulia "ka, ka" kila ninaposimama juu ya pedali nikipanda kutoka Himo kwenda Marangu. Fundi wa kwanza alisema ni beringi za ekseli, akazibadilisha, sauti ikabaki palepale. Wa pili aliona mstari mwembamba upande wa nyuma wa krenki, akaingiza gundi kwa sindano; sauti ikaisha kwa majuma kadhaa, na sasa imerudi. Wa tatu anashauri tuichomelee. Nyuma ya krenki pana herufi PK. Je, nirudi kwa yule wa pili aweke gundi iliyo bora zaidi, au nikubali ichomelewe?

Jibu: Ndugu msomaji, usifanye lolote kati ya hayo mawili, na usiipande tena baiskeli hiyo, hata kwa safari ya kwenda dukani, mpaka krenki hiyo itakapoondolewa. Sauti inayotoka unapokandamiza kwa nguvu, beringi mpya ambazo hazikubadili chochote, na mstari unaoonekana kwa macho ni dalili tatu zinazosema jambo moja: mkono huo wa krenki unaachana vipande viwili. Zamani ningeandika sentensi hii kwa tahadhari zaidi. Siku hizi siandiki hivyo, kwa sababu tatizo lenyewe limetangazwa hadharani na kampuni iliyotengeneza kipuri.

Tarehe 21 Septemba 2023, Shimano na tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji walitangaza kwamba krenki za Ultegra na Dura-Ace za gia kumi na moja, zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, zirejeshwe kwa ajili ya ukaguzi. Aina zinazohusika ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na ile yenye kipima nguvu, FC-R9100-P. Marekani peke yake zilikuwa takriban 680,000, na hadi siku ya tangazo zilikuwa zimeripotiwa krenki 4,519 zilizoachana, pamoja na watu 6 walioumia, wengine kwa kuvunjika mifupa. Ukaguzi ulitangazwa pia nje ya Amerika Kaskazini. Herufi mbili ulizozisoma ndizo zinazokuambia kama yako imo: ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, na orodha inaanzia KF, yaani Juni 2012, hadi RF, yaani Juni 2019. PK ni Novemba 2017. Imo.

Kuwa ndani ya orodha hakumaanishi kwamba kila krenki ya miaka hiyo itavunjika. Nyingi zinaendelea kufanya kazi, na anayemiliki krenki safi, kimya, isiyo na ufa, anatakiwa kuikagua mara kwa mara bila kuingiwa na hofu. Wewe umekwishatoka katika kundi hilo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii, nalo ni imani kwamba sauti ikiisha, ugonjwa umepona. Karibu kila krenki ya namna hii inayoletwa mezani kwangu hapa Arusha imekwishapita kwa mtu aliyeinyamazisha. Mmoja amemimina mafuta kwenye ufa, mwingine amepaka grisi, mwingine gundi ya dukani, na wote wamelipwa kwa sababu mwenye baiskeli aliondoka bila kusikia kelele. Lakini kelele hiyo ilikuwa habari pekee aliyokuwa nayo kuhusu kilichokuwa kikiendelea ndani ya chuma. Mkono wa krenki hizi umeundwa kwa vipande viwili vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi, katikati ukiachwa uwazi ili uwe mwepesi na bado uwe mgumu. Gundi inapobanduka sehemu fulani, nyuso mbili za alumini husuguana kila unapokandamiza pedali, na msuguano huo ndio unaousikia. Ukiweka mafuta kati ya nyuso hizo zitateleza kimya, huku sehemu iliyobaki imeshikamana ikibeba mzigo uleule ikiwa na eneo dogo zaidi la kushikilia.

Gundi ya sindano haina tofauti kubwa na mafuta, ingawa inaonekana ya kitaalamu zaidi. Kiwandani, alumini husafishwa na kuandaliwa kwa kemikali kabla ya kupakwa gundi, kisha vipande hukandamizwa na gundi kukaushwa katika hali inayodhibitiwa. Katika ufa wako pana jasho lililokauka, vumbi jekundu la barabara za Kilimanjaro, mabaki ya sabuni, mafuta ya mnyororo, na ile kutu nyeupe ya unga ambayo alumini huitoa inapokaa na unyevu wenye chumvi. Gundi yoyote utakayoisukuma humo, hata iwe ya bei gani, itashika uchafu huo badala ya kushika chuma, na haitafika kina chote cha nafasi iliyoachana. Kwa hiyo swali lako la gundi iliyo bora zaidi halina jibu, maana ubora wa gundi si mahali penye tatizo. Tena, gundi hiyo imeziba ule mstari ambao mkaguzi angeutumia kupima ukubwa wa ufa, na inaweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa madai yako ya kubadilishiwa krenki.

Kuchomelea ni hatari kuliko gundi, na fundi anayependekeza jambo hilo kwa krenki hii hajui ameshika nini. Nguvu ya alumini ya aina hii hutokana na kupashwa joto kiwandani kwa kipimo na muda maalumu. Moto wa kuchomelea huifuta kazi hiyo, na chuma kinachozunguka mshono hubaki laini. Gundi iliyobaki ndani itaungua, kwa hiyo hata upande uliokuwa mzima utaachia. Aidha, ule ni uwazi uliofungwa ambao huenda una maji au mafuta ndani. Kioevu kilichofungiwa kikipata moto huwa mvuke, na mvuke usio na njia ya kutokea unaweza kuupasua mkono wa krenki usoni mwa anayechomelea.

Huenda ukaniona ninakuza mambo kwa ajili ya kelele ndogo. Basi tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya pedali moja, na mkono wa krenki ukiwa na urefu wa milimita 172.5 na umelala sawa na ardhi, nguvu ya kuzungusha anayoiweka ni takriban nyutoni-mita (Nm) 118, bila kuhesabu kwamba anauvuta usukani na kuongeza zaidi ya uzito wake. Akizungusha mara 80 kwa dakika, kila mguu unakandamiza mara 4,800 kwa saa. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati Moshi iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo unapanda kwa muda mrefu ukiwa umesimama, na kila mkandamizo unafungua ufa huo kidogo zaidi. Hata hivyo kupanda hakunitishi sana, kwa sababu mwendo ni mdogo. Kinachonitisha ni kurudi. Kwenye mteremko, ukifika kwenye matuta, unasimama juu ya pedali zote mbili na kuziachia uzito wako wote wakati baiskeli inaruka, nyuma yako kuna Coaster inayotaka kupita. Krenki ikikatika hapo, mguu wa kulia unapoteza pa kukanyaga na mwili unaangukia upande huo, ukiwa katikati ya barabara.

Kwa wengine wanaosoma jibu hili wakiwa na krenki za orodha hiyo, ukaguzi unaanza kwa kuosha na kukausha mkono wa krenki vizuri, kisha kuutazama kwa taa kali upande wa nyuma, kufuata mstari wa maungio kutoka kwenye pedali hadi kwenye ekseli na kuzunguka miguu inayoshika sproketi, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Tafuta ufa, utepe wa kutu nyeupe, au ukingo mmoja uliopanda kuliko mwingine. Weka kidole chako juu ya mstari na uukandamize mkono wa krenki kwa nguvu. Ukihisi vipande vinachezacheza hata kidogo, krenki hiyo imekwisha kazi. Ni kweli kwamba sauti inaweza pia kutoka kwenye pedali isiyokazwa, bolti za sproketi, au bolti mbili za krenki ya kushoto ambazo zinatakiwa kukazwa kwa zamu hadi Nm 12 mpaka 14. Hayo yaangaliwe kwanza kwa sababu ni rahisi, lakini yakishaangaliwa na sauti ikabaki, msianze kubuni tiba. Na acheni kuziosha baiskeli hizi kwa mashine ya presha pale panapooshwa magari. Maji yenye sabuni yakisukumwa kwenye maungio hayo hayatoki kwa urahisi.

Ninaona tabia hiyohiyo ya kunyamazisha dalili katika vipuri vingine vya bei kubwa, na ndiyo maana nimeandika kwa urefu. Uma wa kaboni uliopasuka hupakwa bodi-fila, ukapigwa msasa, ukapuliziwa rangi na kuuzwa kama mpya, wakati nyuzi zilizokatika ndani hazikuguswa. Nguzo ya kiti ya kaboni inayoteleza huzidishiwa kukazwa mpaka inabonyea, wakati ilihitaji dawa yake yenye chembechembe za kuongeza msuguano na spana inayopima nguvu, kwani nyingi hazitakiwi kuzidi Nm 5 au 6. Rimu za kaboni zinazofungwa breki za mpira huwekewa mipira iliyokusudiwa alumini, halafu mtu anashuka mteremko mrefu akiwa ameshikilia breki muda wote, joto linalainisha utomvu unaoshika nyuzi, na siku rimu inapotanuka anaambiwa ni tairi lililojazwa upepo mwingi. Kipuri chepesi cha mashindano kimetengenezwa kwa kuondoa ziada yote, na hiyo ziada ndiyo iliyokuwa ikisamehe makosa katika baiskeli za chuma walizoendesha wazee wetu. Anayekwambia kwamba kifaa cha bei kubwa hakihitaji kukaguliwa amekigeuza ukweli juu chini.

Kuhusu hatua zako: toa krenki, piga picha za wazi za pande zote, mstari ulivyo, maandishi FC-R8000 na herufi PK, kisha zipeleke kwa muuzaji aliyeidhinishwa na Shimano na uulize kama krenki hiyo inaweza kukaguliwa na kubadilishwa bila malipo. Mweleze bila kuficha kwamba imetiwa gundi na nani aliyeitia. Wakati ukisubiri, au ukikataliwa, tafuta krenki ya Shimano ya aina ya 105 ya gia kumi na moja, FC-R7000, ambayo haimo kwenye orodha hiyo. Ekseli yake ina kipenyo kilekile cha milimita 24, hivyo itaingia kwenye beringi ulizonunua juzi, na uzito utaongezeka kwa makumi ya gramu tu. Ukiipata iliyotumika, ikague kwa namna niliyoieleza kabla ya kutoa fedha.

Madai yakishafika mwisho na ile ya zamani ikabaki mikononi mwako, usiitupe nzima na usimpe mtu "ya kujaribia". Ikate kwa msumeno wa chuma katikati ya mkono, ili isije ikasafishwa, ikapakwa rangi na kutandazwa juu ya turubai la vipuri sokoni mbele ya kijana anayejenga baiskeli yake ya kwanza ya mashindano.