Nimepata BMI ya 44: je, unene wangu umefikia huko?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, urefu wangu ni sentimita 168 na uzito kilo 74. Nilisoma kwamba BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, hupatikana kwa kugawanya uzito kwa urefu, nikagawanya 74 kwa mita 1.68 nikapata 44. Jedwali linasema kuanzia 40 ni unene wa hatari kabisa. Tangu siku hiyo sina amani, ingawa suruali zangu hazijanibana na kazi nafanya bila kuhema. Uzito wangu ni wa afya au la?

Jibu: Marahaba. Kwanza tulia, hesabu hukuimaliza tu. Uzito hugawanywa kwa urefu mara mbili. Chukua hiyo 44 uliyoipata, igawanye tena kwa 1.68, utapata 26.2. Hiyo ndiyo BMI yako. Kosa hili nakutana nalo mara kwa mara, na linawatia watu hofu isiyo na sababu.

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 uzito unaofaa, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene uliokithiri. Umevuka mstari, lakini kidogo. Kwa urefu wako, uzito unaofaa ni kuanzia kilo 52 hadi 70 hivi. Ona nafasi ilivyo pana, kilo 18 nzima! Ndiyo maana siikubali ile kanuni ya "urefu toa mia", inayompa kila mtu namba moja kana kwamba mwili una uzito mmoja tu ulio sahihi.

Sasa, 26.2 haitoshi kunifanya nikuambie una afya au huna. Hesabu hii ilibuniwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa takwimu, akichunguza maumbile ya watu kwa ujumla wao. Hakuwa tabibu. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kutoka kwa mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake. Inafaa sana kwa kulinganisha makundi ya watu, lakini kwa mtu mmoja mmoja ina upofu wake: mizani haitofautishi misuli na mafuta, wala haisemi mafuta yamekaa wapi.

Na mahali yalipokaa ndipo penye uzito wa jambo. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara makubwa. Yanayonitia wasiwasi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, kwa sababu yanaufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na yanapandisha shinikizo la damu. Mwenye BMI ya 24 na kitambi kilichojitokeza anaweza kuwa kwenye hatari kuliko mwenye 26 aliyejengeka kwa kazi za nguvu.

Kwa hiyo tafuta utepe wa fundi cherehani. Inua shati, papasa ubavu wa mwisho kwa chini, kisha papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Zungushia utepe katikati ya sehemu hizo mbili, ulale sawasawa mbele na nyuma bila kubonyeza ngozi. Toa pumzi kawaida, kisha soma. Usivute tumbo ndani! Na usitegemee saizi ya suruali, kwa maana wengi huifunga chini ya kitambi, kwa hiyo inaweza kubaki ileile miaka na miaka huku tumbo likikua juu yake.

Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu. Kwako nusu ni sentimita 84. Ukiwa na 82, na misuli yako ni ya kazi, 26.2 hainisumbui. Ukiwa na 92, una mafuta ya kupunguza hata kama huhisi chochote. Ukifika 101, usichelewe kwenda kupimwa.

Vipimo hivi si vya mjamzito, na watoto wana majedwali yao yanayofuata umri na jinsia. Wenye asili ya Asia huanza kuangaliwa mapema zaidi, kwenye BMI ya 23, kwa kuwa kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo.

Vyovyote utakavyopata, kwa umri wako pima shinikizo la damu na sukari. Kiuno kikizidi, lenga kwanza kupunguza asilimia 5 ya uzito, yaani kama kilo 3.7, polepole kwa miezi kadhaa. Kiasi hicho tu huanza kushusha sukari na shinikizo. Ila kilo hizo zikipungua zenyewe bila wewe kujitahidi, usifurahie. Nenda hospitali ukachunguzwe.